Usimwagilie

Dilmaya alishuka Siliguri mwezi wa kumi na moja
kumlea mjukuu, mtoto wa Sanjukta,
akaniachia ufunguo wa stoo, dawa za presha,
na okidi yake juu ya reli ya baraza:
chungu kimoja, fimbo tisa.
Neno la mwisho alilisemea dirishani mwa jipu,
dereva keshawasha injini:
"Usimwagilie. Mpaka uone matumba."
Kuhusu mimi hakuacha agizo.

Wasioijua hudhani ni ua la maringo.
Mimi naishi nayo: fimbo za pingili pingili,
mfano wa muwa uliokosa shibe,
mizizi iko nje, myeupe, inapapasa hewa
kama mkono wa mtu anayetafuta miwani gizani.
Udongo haiutaki. Udongo huizika.
Vipande vya gome, makaa, kuvumwani kidogo,
chungu kinachobana kiunoni,
na upepo. Hasa upepo.

Desemba, Gangtok ikakunja mabega.
Majani yakageuka manjano, moja, kisha jingine,
yakadondokea viatu vyangu.
Fimbo zikasinyaa, zikafanya mikunjo
ile ile ya shingo yangu kwenye kioo cha kunyolea.
Na birika liko pale, limejaa, linanitazama.

Niseme lililo kweli.
Mwaka juzi mtihani huu niliufeli.
Alikwenda kwa harusi na posa na mambo yake, wiki sita,
nami kila alfajiri nikaiba kikombe kimoja,
kimoja tu, cha maji vuguvugu;
nilichelea mtoto asilie.
Machi ilipofika, kwenye pingili palipongoja maua
pakatoka watoto: vijani viwili, vimizizi vitatu,
watoto kumi na wanne, na ua hata moja.
Fundi saa wa Lal Bazaar ndiye aliyenifungua macho:
mmea ulioshiba hauoni sababu ya kuchanua,
unazaa tu, unasonga mbele.
Usiku wa kuamkia siku ya kurudi kwake
niliwabandua wote kwa wembe,
nikawaficha nyuma ya tangi
katika makopo ya mafuta ya haradali.
Dilmaya aliukagua mmea, kimya, akasema,
"Mvua ya upepo imeingia barazani."
Nikasema, "Imeingia sana."

Basi mwaka huu birika nimelifunga kwa kamba ya kiatu.

Jumapili hupiga simu.
"Inaendeleaje?"
"Inasinyaa."
"Vizuri. Na wewe?"
"Nami nasinyaa."
Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Februari, tarehe ishirini na mbili,
kwenye pingili ya tatu kutoka juu, uvimbe,
mdogo kuliko punje ya mtama.
Tumba, au mtoto?
Nikaazima lenzi ya fundi saa.
Kilichochongoka ni mtoto, alisema, cha mviringo ni ua.
Changu hakikuwa hiki wala kile.
Siku nne nzima nilikunywa chai yangu kwa kusimama.

Siku ya tano kikawa mviringo.
Nikafungua kamba. Mikono ilitetemeka, maji
yakamwagika zaidi kwenye soksi.

Amerudi leo, mzigo bado begani.
Hamsini na tatu, kahesabu kwa kidole bila kugusa:
petali nyeupe, ncha za zambarau,
koo jeusi jeusi kama la aliyekunywa wino.
Hakunisifu. Alinipa shali yake niishike,
na hilo kwetu si dogo.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuosha miguu.
Nikakumbuka nikiwa nimechelewa:
makopo. Baridi nzima sikuyatazama,
wala kwa jicho, wala kwa tone.

Huyo anakuja, miguu inachuruzika,
mkononi kopo moja la haradali,
ua moja limeinamia kutu.
"Na huyu," ananiuliza,
"alinyweshwa na mvua ipi?"