Saa ya Rubani

Miaka mitatu niliifuata saa hii,
tangu karani wa forodha aliponidokeza
kwamba iko Kibokoni, ndani ya kopo la biskuti,
kwa Bi Mwanaesha, mjane wa rubani wa meli.
Dhahabu. Ya Uswisi. Ya mwaka hamsini na nane.
Uso wake rangi ya maziwa mtindi,
mishale myembamba kama ndevu za uduvi.
Wenzangu wa Dubai hulitaja jina lake
kwa kunong'ona, kama wachawi.

Nyumbani kwangu Tudor nina kumi na moja,
nimezilaza kabatini juu ya mahameli.
Mke wangu huziita wake wenza.
Jumapili nazitia ufunguo mojamoja
na nyumba nzima inaanza kutafunika
kama boriti lenye mchwa.

Bi Mwanaesha hakutaja bei.
Alimimina kahawa, akauliza mimi ni wa kina nani,
akaufungua upembe wa leso.
"Vidole vyangu vimekuwa vizito," akasema.
"Miaka kumi na tisa naitia ufunguo alfajiri.
Wewe utaitia?"
Nikasema nitaitia. Nikalipa fedha ya gari.

Ilikuwa inakwenda.
Saa nne asubuhi, na mshale mfupi uko kwenye nne.
Kwenye nne!
Nilicheka. Nani asomaye saa hivyo?
Sisi macho yaona kumi, mdomo wasema nne,
tangu chuoni, tangu kaptura,
na hatujapata kuuliza
ni jicho linalodanganya au ni ulimi.

Jioni ile, kabla adhana haijaingia,
kidirisha cha tarehe kikatetemeka:
kumi na nne ikazama, kumi na tano ikapanda.
Jua bado liko juu ya mnazi wa jirani!
Moyo ukanishuka. Kichwani nikakata bei nusu.
Fundi Jayantilal, Mtaa wa Biashara,
akatia lenzi jichoni, akaguna:
"Mashine haina kosa. Aliyeitega ndiye.
Niirudishe?"
Nikamwambia ngoja.

Nikarudi Kibokoni, hasira kwapani.
Bi Mwanaesha alikuwa akichambua mchicha.
Hakuinua uso.
"Usiku wa Ijumaa waingia lini?"
"Alhamisi, jua likitua."
"Na saa yake yasemaje?"

Nikanyamaza. Mchicha ukaendelea kuanguka siniani.

"Kila meli aliyopanda," akasema,
"ilikuwa na saa ya kwao ukutani.
Ya London, ya Bombei, ya Yokohama.
Wote walimwamuru kwa saa zao,
naye akawapitisha Kilindini, mwamba hata mmoja wasiuguse,
mkononi amevaa saa ya kwetu."

Juzi amepiga simu mtu wa Dubai.
Akataja hesabu iliyonikausha mate.
"Lakini," akauliza, "inashika majira?"
"Inashika," nikamjibu.
Hakuniuliza ya nani, nami sikumwambia.
Nikasema nitafikiri. Sijafikiri mpaka leo.

Jumapili mke wangu akaita kutoka jikoni:
"Saa ngapi huko?"
Kabatini zile kumi na moja zinatafuna.
Nikageuza kiganja, na kwa mara ya kwanza
nikasoma kilichoandikwa.