Mmenya Thumu

Bara wanaita saumu, kama mfungo.
Hapa kwetu ni thumu,
na ulimi ukiteleza kidogo tu
husikika sumu.

Miaka kumi na saba namenya
nyuma ya Marikiti, wanapopakua viazi.
Kifuko cha kumenywa, hamsini.
Iliyotwangwa na tangawizi, njoo na kopo lako.
Vidole vyangu hata limau limevisalimu amri.

Watu hawaniulizi bei. Huniuliza magonjwa.

Mwanaidi wa Kibokoni, mwanawe ana kifua:
ponda punje moja, changanya na asali,
mlambishe kabla hajalala.
Ana umri gani? Miezi minane?
Basi asali weka kando, mwanangu,
mpeleke zahanati, na leo usininunulie kitu.

Muuza mchele wa Bondeni analia fukusi:
zika punje na maganda yake ndani ya debe,
watahama wenyewe, bila notisi.

Kijana ana chunjua kidoleni.
Nikamwambia usiifunge usiku kucha, huunguza.
Akaifunga usiku kucha.
Kesho yake ananionyesha lengelenge kama zabibu,
na chunjua juu yake, imekaa tu, haina habari.

Na nyote mnaoponda mkatupa motoni papo hapo,
mna haraka ya nani?
Iache ipumue kwanza,
kadiri ya mtu kwenda kutia udhu akarudi.
Ndipo inapokuwa na nguvu yake.

Haya nilikuwa nikiyasema kwa sauti kubwa
mpaka Alhamisi ile.

Mume wangu Twalibu ni fundi wa friji, Mwembe Tayari.
Walimpima presha, wakampa tembe.
Akacheka: ninunue tembe za nini
na mke wangu amekalia gunia?
Nami nikacheka. Niliona ni sifa.
Kila alfajiri punje tatu na maji ya vuguvugu,
anazimeza kama mtu anayemeza kokoto.
Mashine ya duka la dawa ikashuka kidogo,
tukafurahi kama walioona mwezi.
Tembe zikabaki kwenye mtoto wa meza
pamoja na betri zilizokufa.

Alhamisi, ameinamia friji ya muuza samaki,
bisibisi ikamtoka mkono wa kushoto.
Akaiangalia chini. Akaiangalia mkono.
Mdomo ukaenda upande.

Daktari wa Makadara hakuitukana thumu.
Nilitamani aitukane, nipate wa kugombana naye.
Alisema: iacheni kwenye mchuzi, ina kheri zake,
lakini tembe hii haina naibu.
Na siku akienda kung'oa jino aseme kwamba anaila,
maana damu huchelewa kuganda.

Walimpa mpira wa kubanabana, vidole viamke.
Akaupoteza siku ya pili. Sijui kama aliupoteza.
Nikamtia kichwa cha thumu kiganjani:
haya, vunja.

Wiki ya kwanza kilikaa pale kama yai.
Wiki ya tatu kikalowa jasho.
Nilikuwa nahesabu chenji ya mtu
niliposikia nyuma yangu: tak.
Kitu kidogo, kama mtu kukanyaga ganda la njugu.
Punje zikamwagika mapajani pake,
na mkono wa kushoto ukabaki wazi,
umejaa maganda meupe.
Chenji ile nilimpa mtu zaidi. Sikuidai.

Siku hizi yeye avunja, mimi namenya.
Tembe zake zimo kwenye kopo la bizari, nazihesabu mwenyewe,
saa moja asubuhi, kabla ya gunia kufunguliwa.

Jana akaja mama mmoja, mgeni, kashika kifuko:
"Baba, hii ni nini hasa? Nasikia inatibu kila kitu."
Twalibu akajikusanya, akautafuta ulimi wake
ule ambao bado unampiga chenga,
akasema kwa fahari ya mwenye duka:
"Sumu."

Mama wa watu akakitupa kifuko.
Sisi tulicheka mpaka mpagazi akaja kuuliza kuna nini.
Hakuna aliyeweza kumwambia.