Orodha ya Mali, Nyumba ya Iyumbu

Saa mbili asubuhi, upepo wa Dodoma
umeshaingia ndani kabla ya amri kusomwa.
Nina kalamu mbili na fomu nakala tatu.
Kazi yangu kuandika. Sikuja kuhukumu mtu.

Jokofu, moja. Makochi ya ngozi, seti.
Gari jeupe, matairi yameanza kulala.
Pampu ya kisima. Televisheni pana kama mlango.
Dalali anagonga ukuta kwa kidole, anasikiliza,
kama mtu anayechagua tikiti maji.

Mwenye nyumba, Ndahani, yuko Isanga.
Alikuwa mhasibu wa ushirika wa zabibu:
mizani ilisema kilo mia, yeye akaandika themanini.
Ishirini ndizo hizi: vigae, feni, geti.
Mama yangu kule Hombolo alimpelekea makreti
misimu minne. Hilo sikumwambia hakimu.
Nikiandika "geti la chuma", mkono unajua
makreti yetu mangapi yamesimama hapo.

"Mali bila daftari hupotea bila habari,"
alipenda kutuambia mkutanoni, daftari juu.
Daftari lilikuwepo.
Mali ilipotea na habari zake zote.

Sheria ya kutaifisha haigombani na mtu, inagombana na kitu:
wewe sahani, ulitoka wapi?
Wewe pazia, nani alikulipia?
Vitu havina wakili. Vinanyamaza, vinaandikwa.

"Cherehani ni yangu," anasema Sechelela, mkewe.
"Nilikuja nayo kutoka Mvumi, kabla ya vigae."
Risiti hana. Nani huweka risiti miaka kumi na tisa?
Ananionyesha kanyagio, pale chuma kilipolika
kwa umbo la wayo wake.
Nimeandika: cherehani, mbovu, haina thamani.
Dalali ananitazama. Mimi natazama dari.

Mnada Jumamosi. Fedha zitakwenda Hazina,
zitageuka lami, au chaki, au posho ya safari.
Zikifika Hombolo, sijui. Mama ameacha kuuliza.
Amepanda uwele palipokuwa na mizabibu.

Alasiri, tukitoka, Sechelela anakata kishada
kwenye mzabibu wa uani, alioupanda mumewe,
ukanyweshwa kwa pampu, namba saba kwenye fomu.
"Kula, baba. Umeshinda na njaa."

Nimekula moja kabla sijafikiri.
Tamu.
Mbegu ziko mdomoni mpaka sasa,
nimesimama nje ya geti la serikali
natafuta pa kuzitemea.