Mtazama Nyuma

Kazi yangu ilikuwa kukaa kinyume.
Dereva anatazama mbele, kwenye mikoko ya Mtoni,
mimi nimempa mgongo,
macho kwenye kamba, na kwa mtu aliye mwisho wa kamba.
Akianguka, nainua mkono. Basi.
Shilingi mbili kila Jumapili, na chai ya maziwa.

Ndiyo maana nikiulizwa habari za klabu
nazikumbuka kwa mtindo huo: nani alianguka, na wapi.

Daftari linasema hamsini na nne.
Linamtaja Bwana Haldane wa reli, mkewe, madaktari wawili,
na boti iliyopewa jina la mbwa.
Halisemi nani alichonga mbao za kutelezea.
Alichonga Feruzi Mwinchande, fundi wa vitanda, Kurasini,
akazipinda ncha kwa mvuke wa sufuria ya pilau,
kisha akachuchumaa nje ya uzio
aone kama zitaelea.

Mwaka wa bendera mpya uzio ulibaki,
ila lango lilianza kusahauliwa wazi.
Akaingia Tatu Mwinyimvua, karani wa bandari,
kaptula ya kaka yake, nywele kazibana kwa khanga.
Hakusalimu. Alisema, "Nipeni kamba."

Niliinua mkono mara kumi na moja.
Coutinho, kwenye usukani, alinung'unika
kuwa petroli si maji ya bomba.
Mara ya kumi na mbili mkono wangu ulilala pajani.
Yalitoka magoti, kikatoka kiuno,
halafu Tatu mzima, juu ya maji, kinywa wazi,
na wapakuzi wa ng'ambo wakagonga madebe.
Daftarini niliandika: *T.M. amesimama.*
Wino umevujia ukurasa wa pili. Nilikuwa nimelowa.

Baadaye petroli ikawa ya kibali.
Jumapili mchana magari yenyewe yalilala,
nani angethubutu kuomba mafuta ya kuchezea?
Injini ilikwenda Ruvu kuvuta maji ya mpunga
kwenye shamba la mwenyekiti, wiki mbili tu, alisema.
Ubao mmoja ukawa rafu; tuliupangia unga wa yanga.
Mwenzake, mama Coutinho aliupigia pasi
mpaka walipohamia Kanada.
Wanasema kamba hukatikia pembamba.
Yetu haikukatika. Ilianikiwa nguo
miaka kumi na tisa, uani kwa dada yangu.

Juzi nilikwenda. Makontena,
mekundu juu ya buluu juu ya mekundu,
na pale tulipofunga boti pana tope na chupa.
Mlinzi, kijana mpole, aliuliza natafuta nini.
Klabu, nikamwambia.
Akacheka: "Simba au Yanga, mzee?"

Nikapanda kwa Tatu, Mbagala.
Goti lake moja sasa ni la chuma.
Nilibeba daftari, nikamsomea siku yake.
Akanikatiza: si kumi na moja, tisa.
Nikamwonyesha vijistari, kumi na moja, kwa mkono wangu.
Tisa, alisema.
Nikamwambia, Tatu, mimi ndiye niliyekuwa nakutazama.
"Ee," akasema, akinisogezea kashata,
"nami ndiye niliyekuwa naanguka."

Sijafuta. Pembeni nimeongeza, kwa penseli:
*au tisa.*