Inspekta wa Kuze

Jana, Mji wa Kale, ukutani kwa kina Shebwana,
shuka jeupe, projekta ya kuazima,
filamu ya wizi.
Salmin fundi cherehani kavunja benki,
akamwachia mlinzi risiti
na tarehe ya kuja kuchukua.
Tukacheka hata kahawa ikamwagika.

Lakini nyota, kama jina lake, ni Bi Zuhura,
muuza mahamri,
inspekta, kalamu kaichomeka mtandioni:
"Mwongo hajulikani kwa anachokuficha,
hujulikana kwa anachokueleza
nawe hujamuuliza."
Baraza zima: lo!

Leo alfajiri nimekwenda kununua mahamri manne.
Hakunena. Akanitazama tu,
gazeti la kufungia mkononi.
"Bi Zuhura," nikasema, "ile mia tatu ya Shaabani,
mimi wallahi nilikuwa safarini..."