Nyayo Zako, Etabo

Tatizo lako, Etabo, ni nyayo.
Mtu mwingine akipita Duluth mwezi wa Januari
huacha alama ya kiatu, na upepo wa ziwa ukaifuta.
Wewe unaacha lami.
Mashimo meusi yanayofuka mvuke, mguu baada ya mguu,
kutoka mlango wa nyuma wa duka la dobi
hadi kituo cha mafuta, hadi hapa tulipojibanza.
Hata kipofu angetufuata kwa kupapasa.

Nilikuambia uvae soksi tatu.
Ukavaa. Zikaanza kunuka kuungua.
Tukacheka mpaka mbavu zikauma,
maana njaa nayo ina vichekesho vyake.

Kule walikotufungia walikuita Saba.
Mimi hawakuniita kitu. Kila asubuhi
walinijazia fomu mpya,
daktari yuleyule, kalamu ileile iliyotafunwa kifuniko:
"Karibu, binti. Leo ndiyo siku yako ya kwanza?"
Siku mia mbili na kumi, zote za kwanza.
Ndivyo nilivyotutoa. Nilimkazia macho mlinzi
hadi akasahau funguo ni za kazi gani.

Bei sikukuambia.
Kila ninapomfuta mtu
aliye karibu nami humwagika kidogo,
na aliye karibu nami siku zote ni wewe.
Pale Hinckley ulipoteza jina la mtaa wetu.
Ndani ya basi ukaniuliza, kwa adabu zote,
kama kiti kile kina mwenyewe.
Nikasema hakina.
Nikageukia dirisha, nikahesabu misonobari
mpaka uliporudi, ukanigonga kiwiko:
"Wewe, mbona umenuna?"

Sasa taa zao zinateremka kilima.
Magari matano. Droni juu, ikinguruma kama nyigu kwenye kopo.
Ukapiga magoti katikati ya barabara,
ukabandika viganja chini,
na barafu ya majuma manne ikawa mto
ukapanda mvuke, ukashuka maji,
na maji, kwa baridi ile, hayakufika mbali:
yakaganda yakiwa bado yanakimbia.
Gari la kwanza likateleza. Yaliyofuata yakaja kama maharage
yanayomwagwa kwenye sahani iliyoinama.
Ukainuka midomo ikiwa ya kijivu.
"Mwisho," ukasema. "Sina hata la kuwashia kiberiti."

Tukakimbilia daraja. Kengele ikalia,
daraja zima likaanza kunyanyuka kupisha meli ya mwisho ya msimu,
na mbele yetu pakawa na hewa tu.
Nyuma, watu kumi na wawili kwa miguu.
Hawakukimbia. Walijua.

Asiyekuwepo na lake halipo,
baba alizoea kusema, akigawa nyama
kabla shangazi hajafika.

Nikavua glavu yangu moja, nikakuvisha.
Ukasema, "Unafanya nini?"
Nikawatazama wote kumi na wawili,
na wewe ukiwa katikati.

Walisimama. Mmoja akaitazama bunduki yake
kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.
Mwingine akauliza magari yale ni ya nani.
Meli ikapita, ndefu, bila haraka. Daraja likashuka.
Na wewe ukageuka, glavu moja mkononi,
ukaniangalia uso, ukabahatisha Kiswahili:
"Samahani, dada. Kituo cha basi ni njia gani?"

Dada. Kama unavyomwita dada yeyote.

Nilikuwepo, Etabo. Langu ndilo halipo.

Nikakuonyesha kwa kidole. Ukashukuru, ukaenda,
na baada ya hatua kama ishirini moto ukaanza kukurudia,
maana theluji ilianza kutoboka.
Nakuja nyuma.
Naingiza mguu wangu katika kila shimo, linanipasha kidogo,
kisha nasukuma theluji juu yake, nafukia,
naenda la pili.