Kibaba Kimoja

Mwalimu Lechipya alichora kilima ubaoni,
mabega yakishuka pande mbili, mikia ikitambaa
hadi ukingo wa fremu bila kugusa chini.
"Eneo lake si moja," akasema. "Na uwezekano
usiotimia moja ni umbeya tu.
Tafuteni cha kugawia."

Nikafunga daftari, likizo ya Juni, nikaja nalo Mvumi.
Siku tatu kalamu ilikwaruza, haikukata:
hakuna kanuni niijuayo inayoufungua ule mkunjo.
Mama alikuwa uani na uwele uliokwisha pepetwa,
upepo umelala.
"Wewe wa hesabu, shika mdomo wa gunia."

Nikashika. Chembe zikaanguka palepale,
zikadunda, huku kidogo, kule kidogo,
nyingi zikabaki jirani na zilipoangukia.
Kwa ubavu, kilima cha Mwalimu.
Nikapanda juu ya tembe kuchukua ungo,
nikatazama chini,
na lilikuwa duara.

Kumbe ndimo pai ilimojificha!
Kilima peke yake hakihesabiki;
kizidishe kwa nduguye, kizungushe,
kinakuwa lundo, na lundo lina mzingo.
Ukishapata jibu, shuka kwa kipeuo cha pili.
Nikaandika kiganjani, daftari lilikuwa mbali:
kipeuo cha pili cha pai. Gawia hicho.

Mama hakuuliza. Alikuwa na kugawa kwake:
hii mbegu, hii ya kanisa,
hii deni la dukani kwa Chiwanga,
hii ya kula mpaka mvua.
Mwaka jana madebe ishirini na mawili, mwaka huu tisa,
na mwaka ni uleule mmoja,
haukubali kuwa nusu kwa sababu uwele ni nusu.

Nikachora kwa kidole vumbini, nikamwonyesha mkia.
"Huku ndiko iliko miaka kama Mtunya,
ile aliyosimulia bibi, ya kupika ngozi.
Ni nadra, mama. Karibu na sifuri."

Akafuta jasho kwa ncha ya kanga.
"Karibu," akasema,
akachota kibaba kimoja kutoka fungu la kula,
akakitia kilindoni,
akaziba mdomo kwa udongo mbichi.